Somo la Kumi na Mbili: Kueleza Mipango na Miadi ya Wakati Ujao

Malengo ya somo

Mwishoni mwa somo hili mwanachuo aweze: (a) kutofautisha utabiri, nia, mpango na miadi; (b) kueleza njia ambazo Kiingereza na Kiswahili hutumia kutaja mambo hayo; (c) kutambua na kusahihisha makosa yanayotokana na Kiingereza, Kifaransa na lugha za nyumbani; (d) kuandaa kipindi kimoja cha kufundishia mada hii katika shule ya msingi au ya sekondari.

1. Tatizo lenyewe

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba njeo ya wakati ujao katika Kiswahili huonyeshwa kwa kiambishi -ta-: nitasoma, utasoma, atasoma. Mwanafunzi huelewa kanuni hiyo kwa muda wa siku moja, na mwalimu hupata kishawishi cha kuifunga mada hapo. Huo ni mwanzo tu. Mtu anaposema jambo la kesho, msikilizaji hataki kujua tu kwamba jambo hilo ni la kesho. Anataka kujua pia limekwisha kuamuliwa kwa kadiri gani. Je, msemaji anakisia? Anatamani? Amekata shauri? Au amekwisha kupatana na mtu wa pili, na huyo wa pili anangoja?

Msikilizaji hutenda kwa kufuata jibu la swali hilo. Anayesikia «nitakuja» na kuyachukua kuwa miadi, atapika chakula, atafagia chumba, atakaa kituoni hadi jioni. Ikiwa msemaji alitaka tu kueleza tamaa yake, mmoja wao atadhurika, ingawa sentensi haikuwa na kosa lolote la sarufi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mwalimu wa lugha hana budi kumfundisha mwanafunzi namna ya kujua ni maneno gani yamemtia katika deni na ni yapi hayajamtia.

2. Njia za Kiingereza

Wanafunzi wengi wa Uganda hujifunza Kiswahili wakiwa wamekwisha kusoma Kiingereza kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo inafaa tuanze na lugha hiyo, kisha tuone kinachovuka mpaka na kisichovuka.

Kitenzi cha Kiingereza hakina mnyambuliko wake wenyewe wa wakati ujao kama kilivyo nao wa wakati uliopita. Badala yake lugha hiyo hutumia miundo kadhaa, na kila muundo una kazi yake.

(a) «I will help you.» Kitenzi kisaidizi «will» hutumika kwa uamuzi unaofanywa papo hapo wakati wa kusema, kwa ahadi, na kwa utabiri.

(b) «I am going to build a house.» Hapa nia imekwisha kuundwa kabla ya kusema. Muundo huu hutumika pia kwa jambo ambalo dalili zake zinaonekana: mawingu yametanda, na msemaji anasema «It is going to rain.»

(c) «I am meeting the inspector on Friday.» Umbo la wakati uliopo wa kuendelea linataja jambo lililopangwa, na kwa kawaida mtu mwingine anahusika. Ndiyo maana halifai kwa jambo lisilopangika. Hakuna awezaye kuweka miadi na mvua, na Mwingereza hasemi «It is raining tomorrow.»

(d) «The bus leaves at six.» Umbo la wakati uliopo sahili linataja ratiba iliyowekwa na mamlaka fulani, isiyotegemea matakwa ya msemaji.

Ukizitazama njia hizi nne kwa pamoja utaona ngazi. Katika (a) jambo linaamuliwa sasa hivi; katika (b) limeamuliwa moyoni mwa mtu mmoja; katika (c) limeamuliwa na watu wawili au zaidi; katika (d) limeandikwa ubaoni. Kiingereza huionyesha ngazi hiyo ndani ya kikundi cha kitenzi chenyewe.

3. Njia za Kiswahili

Kiswahili nacho kina ngazi hiyo, lakini hakiijengi kwa vifaa vilevile. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maneno yanayoandamana na kitenzi. Mwalimu akitafuta katika Kiswahili miundo minne inayolingana mmoja mmoja na ile ya Kiingereza, hataipata, na atakayewafundisha wanafunzi kwamba ipo atawapoteza.

3.1 Kiambishi -ta-

Kiambishi hiki ndicho chenye eneo pana kuliko vyote. Hubeba utabiri (Mavuno yatakuwa mazuri), ahadi (Nitakulipa mwisho wa mwezi), mpango (Tutafungua shule Jumatatu) na uamuzi wa papo hapo (Basi, nitakula wali).

Asili yake yafaa kujulikana. Wataalamu wengi wa sarufi hukihusisha kiambishi -ta- na kitenzi kutaka, na alama yake imebaki wazi katika vitenzi vyenye kirejeshi: atakayesoma, kitakachotokea, tutakapofika. Hapo -ta- inarudi kuwa -taka-. Linganisha jozi hii: «mtu atakaye kusema» ni mtu anayetaka kusema, «mtu atakayesema» ni mtu ambaye baadaye atasema. Kitenzi «will» cha Kiingereza nacho kilitokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutaka. Lugha hizi mbili, zisizo na undugu, zimepita njia moja: kutoka kutaka jambo hadi kulitaja kuwa litatokea. Hata hivyo maana ya kutaka imekwisha kufifia katika zote mbili. Mwanafunzi asidhani kwamba «nitakuja» ni sawa na «ninataka kuja».

3.2 Kiambishi -na- pamoja na neno la wakati

Kiambishi -na- cha wakati uliopo hutumika kwa jambo la baadaye pale ambapo mpango umekwisha kukamilika na neno la wakati limetajwa au linaeleweka: «Ninaondoka kesho alfajiri», «Mkaguzi anafika Ijumaa», «Muhula unamalizika wiki ijayo». Hapa Kiswahili kinakaribia sana miundo (c) na (d) ya Kiingereza. Anayesema «ninaondoka kesho» ametoa taarifa. Anayesema «nitaondoka kesho» huenda ametoa taarifa, huenda ameahidi, huenda amekata shauri sasa hivi. Kikomo ni kilekile cha Kiingereza: «Mvua inanyesha kesho» haifai, kwa kuwa hakuna aliyeipanga.

Tahadhari: ratiba isielezwe kwa hu- pale inapotajwa siku moja maalumu. «Basi huondoka saa kumi na mbili asubuhi» ni sahihi, kwa kuwa ni desturi ya kila siku. «Basi huondoka kesho saa kumi na mbili» si sahihi. Sema «linaondoka» au «litaondoka». Zingatia pia kwamba «six» ya muundo (d) imekuwa saa kumi na mbili. Anayetafsiri miadi bila kugeuza saa humchelewesha au humuwahisha mwenzake kwa saa sita nzima.

3.3 Vitenzi vya nia na mapatano pamoja na -me-

Hii ndiyo njia ambayo wanafunzi huitumia kidogo kuliko inavyostahili. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kueleza hatua ambayo uamuzi umefikia: kukusudia, kunuia, kuazimia, kuamua, kupanga, kupangiwa, kupatana, kukubaliana, kuahidiana. Vikitiwa kiambishi -me- vinaeleza kwamba uamuzi wenyewe umekwisha, ingawa tendo halijafanyika:

Nimekusudia kujenga nyumba. (Nia ni yangu peke yangu.)
Tumepatana kujenga nyumba. (Tumo wawili au zaidi.)
Nimepangiwa kufundisha Gulu. (Aliyeamua ni mwingine.)
Nina miadi na mkaguzi Ijumaa. (Siku imewekwa, na mwenzangu anaijua.)

Sentensi ya tatu inafaa kutazamwa kwa makini. Kauli ya kutendewa, «kupangiwa», inamwambia msikilizaji kwamba msemaji hana uwezo wa kuugeuza mpango huo. Kwa neno moja tu Kiswahili kimetaja mpango pamoja na mamlaka iliyouweka.

3.4 Hali tegemezi

Kabla ya mpango kuna pendekezo, na pendekezo halitumii -ta-. Hutumia hali tegemezi: «Tukutane saa nne»; «Nije kesho au keshokutwa?», «Ngoja nikubebee mzigo». Sentensi ya mwisho ndiyo tafsiri ya kawaida ya «I will carry it for you» inaposemwa papo hapo kwa mtu aliyelemewa. «Nitakubebea» si kosa, ila huweza kusikika kama ahadi ya baadaye, huku mwenye mzigo akiendelea kulemewa.

3.5 Jambo lililo karibu

Kwa jambo linaloelekea kutokea hivi punde, Kiswahili hutumia neno karibu, kitenzi kukaribia, au kitenzi kutaka hata kwa kitu kisicho na matakwa: «Mgonjwa yu karibu kupona», «Mkutano unakaribia kuanza», «Mvua inataka kunyesha», «Ukuta unataka kuanguka». Mifano miwili ya mwisho ndiyo jibu la «It is going to rain» wakati mawingu yanaonekana.

4. Vishazi vya wakati na vya sharti

Kiingereza hakiweki «will» katika kishazi cha wakati: «When I arrive, I will call you.» Mwanafunzi akiifuata sentensi hiyo neno kwa neno huandika «Wakati ninafika, nitakupigia.» Kiswahili sanifu kinataka njeo ionekane katika vishazi vyote viwili: «Nitakapofika, nitakupigia.» Pia yawezekana kusema «Nikifika, nitakupigia.» Tofauti yake ni kwamba -takapo- inachukulia kuwa kufika kutatokea, -ki- yaweza kuwa na maana hiyo, na yaweza pia kuacha nafasi ya kutofika. Kwa miadi iliyothibitishwa, -takapo- ni bayana zaidi. Ukanushi wa -ki- ni -sipo-: «Nisipofika kabla ya magharibi, msiningoje.»

Neno kabla lina kanuni yake. Hufuatwa na kitenzi-jina, «kabla ya kuondoka», au na kitenzi katika ukanushi wa -me-: «Nitakuona kabla sijaondoka.» Mantiki yake ni kwamba wakati wa kuonana, kuondoka kutakuwa bado hakujatokea. Asiandike mtu «kabla nitaondoka».

Palipo na matendo mawili ya wakati ujao, kitenzi kuwa husaidia: «Saa nne nitakuwa nikifundisha» yaeleza tendo litakalokuwa likiendelea, «Saa nne nitakuwa nimemaliza» yaeleza tendo litakalokuwa limekwisha. Miundo hii ni ya lazima kwa anayepanga ratiba na wenzake.

5. Ukanushi wa mipango

Kila njia ya kuthibitisha ina njia yake ya kukanusha, na maana hubadilika pia. «Kesho hatutasoma» ni taarifa ya kawaida kuhusu kesho. «Kesho hatusomi» ni mpango uliokwisha kuwekwa: shule imefungwa. «Sitakuja» ni taarifa; «siji» yaweza kusikika kama kukataa. Mwalimu awatahadharishe wanafunzi wasitumie umbo la pili mbele ya mkubwa bila kutoa sababu. Kwa adabu husemwa: «Samahani, nilikusudia kuja, lakini sitaweza.» Umbo «nilikusudia» linaonyesha kwamba nia ilikuwepo na sasa imezuiliwa.

Maneno «Mungu akipenda» na «Inshallah» hayakanushi wala hayapunguzi ahadi kwa yenyewe. Ni desturi ya adabu kwa watu wengi wanaozungumza Kiswahili, ya kukiri kwamba kesho haimo mikononi mwa mwanadamu. Asiyejua desturi hiyo huweza kuyachukua kuwa udhuru uliotangulizwa.

6. Athari za lugha nyingine

(a) Athari ya muundo wa kwenda. «I am going to teach» ya Kiingereza, na «je vais enseigner» ya Kifaransa kwa ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, humvuta mwanafunzi kusema «Ninaenda kufundisha» akikusudia wakati ujao. Katika Kiswahili sanifu kwenda ni kwenda kwa miguu au kwa gari: msikilizaji ataelewa kwamba msemaji anaelekea darasani. «Mvua inaenda kunyesha» ni kosa lililo wazi zaidi, kwa kuwa mvua haina mahali inapoelekea. Usemi wa namna hii husikika mijini katika mazungumzo ya kawaida. Mwalimu asimdhihaki anayeutumia, bali amwonyeshe kwamba haukubaliki katika maandishi rasmi.

(b) Athari ya -li-. Katika Luganda, «aligenda» ni atakwenda, siku zijazo zilizo mbali. Katika Kiswahili, «alikwenda» ni safari iliyokwisha kufanyika. Kiambishi kimoja, nyakati mbili zinazopingana. Mwanafunzi wa Kiganda aliyeulizwa mzazi wake atafika lini shuleni, akajibu kwa -li-, amemwambia mwalimu kwamba mzazi amekwisha kuja. Vivyo hivyo «anaagenda» ya Luganda, yenye irabu ndefu, ni atakwenda hivi karibuni. Mwanafunzi huyo hudhani -na- ya Kiswahili ni wakati ujao wa karibu hata pasipo na neno la wakati.

(c) Kutafuta ujao wa karibu na ujao wa mbali. Luganda hutenga jambo la leo na jambo la baadaye kwa viambishi tofauti. Kinyarwanda nacho hutumia -za- na Kirundi -zo- kwa mambo ya kuanzia kesho. Kiswahili hakina mgawanyo huo: -ta- inatosha kwa dakika ijayo na kwa karne ijayo. Umbali huonyeshwa na vielezi: sasa hivi, baadaye kidogo, leo jioni, kesho, keshokutwa, mtondo, yaani siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo, inayofuata mtondo. Kwa wanafunzi wa Rwanda na Burundi, ambao neno lao «ejo» ni jana na pia ni kesho kwa kutegemea kitenzi, vielezi hivi vifundishwe mapema na kwa mazoezi mengi.

7. Mazungumzo ya mfano

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha anazungumza kwa simu na mwalimu mkuu wa shule itakayompokea.

Mwanachuo: Shikamoo, Mwalimu Mkuu.
Mwalimu Mkuu: Marahaba, Mwalimu. Tunakutazamia lini?
Mwanachuo: Nimepangiwa kuanza kazi Jumatatu. Ninaondoka hapa Jumamosi asubuhi. Tiketi nimekwisha kuikata.
Mwalimu Mkuu: Vyema. Na mwenzako?
Mwanachuo: Amekusudia kusafiri pamoja nami, lakini bado hajapata ruhusa. Akiipata leo, tutakuja pamoja; asipoipata, atanifuata wiki ijayo.
Mwalimu Mkuu: Basi nitamwambia mlinzi atayarishe chumba kimoja kwanza. Utakapofika kituoni unipigie, nitakuja kukupokea.
Mwanachuo: Asante sana. Nitakupigia. Mungu akipenda tutaonana Jumamosi jioni.

Angalia namna mwalimu mkuu alivyoamua juu ya vyumba. Kwa mwanachuo mwenyewe amesikia «nimepangiwa», «ninaondoka» na «nimekwisha kuikata»: chumba kitayarishwe. Kwa mwenzake amesikia «amekusudia», «akiipata», «asipoipata»: chumba cha pili kingoje. Lau mwanachuo angesema tu «Nitakuja Jumamosi, na mwenzangu atakuja», sentensi yake ingekuwa sahihi kisarufi, na mlinzi angetayarisha chumba ambacho huenda kisingelala mtu, au angeacha kutayarisha kilichohitajika.

8. Mwongozo wa kufundishia

Usianze kipindi kwa kuandika ubaoni kwamba -ta- ni «will». Anza kwa swali: jambo hili limeamuliwa? Na nani? Waweke wanafunzi wawili wawili. Mmoja apange safari ya soko, wa pili aulize maswali mpaka ajue kama aandamane naye au abaki nyumbani. Kisha wanafunzi watoe maneno yaliyowawezesha kujua, nawe uyaandike ubaoni katika safu nne: pendekezo, nia, mapatano, ratiba. Kanuni za viambishi zije baada ya hapo, wanafunzi wakiwa wamekwisha kuona haja yake. Unaposahihisha, usitosheke na alama ya sahihi palipo na -ta-, uliza pembeni: «Je, nikungoje?» Mwanafunzi akishindwa kujibu kutokana na sentensi yake mwenyewe, aiandike upya.

Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili, ukizingatia kiwango cha uamuzi: (a) «We are having a meeting tomorrow at two.» (b) «She is going to study law.» (c) «Wait, I will open the door.» (d) «That tree is going to fall.» (e) «The term starts on Monday.»

2. Sahihisha, kisha eleza chanzo cha kosa: (a) Wakati ninamaliza kazi, nitakuja. (b) Mjomba anaenda kuwa tajiri. (c) Nitakuaga kabla nitaondoka. (d) Basi la Mbarara huondoka kesho saa nne. (e) Mgeni wetu alikuja keshokutwa.

3. Eleza tofauti ya maana: (a) nimekusudia kuhama, nimepangiwa kuhama, (b) kesho hatufanyi kazi, kesho hatutafanya kazi, (c) ukifika nipigie, utakapofika nipigie.

4. Andika barua ya maneno 120 kwa mwalimu mkuu, ukimweleza siku utakayofika, mambo yaliyokwisha kupangwa na yale ambayo bado hayajathibitishwa. Mpe mwenzako aisome, kisha akuorodheshee mambo ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyatayarisha mara moja. Linganisha orodha yake na ulichokusudia.

5. Chunguza lugha ya nyumbani kwako: inatenganishaje jambo lililopangwa na jambo linalotamaniwa? Andika mifano mitatu pamoja na tafsiri zake za Kiswahili, uijadili darasani.